Hesabu Pumzi Dakika Nzima: Kwa Anayeanza Uuguzi Mombasa

Mtoto wa mamangu mdogo amepata nafasi ya diploma ya uuguzi, na tangu jina lake litoke hanipi raha. Niko zamuni, simu yatetemeka mfukoni: "Dada, stethoskopu ya bei gani?" Natoka zamu ya usiku, sijavua hata viatu: "Dada, ni kweli watu huzimia wadini?" Nimeona bora niandike mara moja, asome yeye na kila anayeanza naye. Mimi nilisomea hapa hapa Mombasa, nikivuka feri ya Likoni asubuhi na jioni mpaka nikamaliza, na sasa nina miaka minane wadini. Nayasema niliyoyapitia. Aliyesomea shahada, au aliyesomea bara, ana yake ya kusimulia.

Karatasi kwanza

Hapa sitakaa sana. Diploma yataka wastani wa C kwenye KCSE, na ndani yake uwe na C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, kisha angalau C- ya Hisabati, Kemia au Fizikia. Shahada yaanzia C+. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kina tawi Mombasa, jirani na Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo watu wa mji huiita Makadara tu. Siku hizi nafasi zake hupitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, mtandaoni. Kwa hivyo akija mtu mwenye shati la pasi akwambie ana nafasi mbili zimebaki na anamjua mkubwa fulani, mpe kikombe cha chai aende zake. Mjomba wangu alimpa mtu wa namna hiyo pesa za mahari ya bintiye. Mahari ikaliwa, na nafasi haikuonekana.

Ukienda chuo cha kulipia, kabla hujatoa hata shilingi, uliza jambo moja: je, kozi hii imeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya? Usiulize kama chuo kimesajiliwa. Uliza kozi. Ukishaingia, fuatilia wewe mwenyewe mpaka uone umeandikishwa Barazani na una namba yako ya indeksi. Bila namba hiyo, utasoma, utapaka miguu mafuta kwa kusimama wadini, utavaa joho upigwe picha, na mtihani wa leseni hutaukalia. Nimewaona watu wazima wakilia kwa hilo.

Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, uombe mapema, usingoje karo iingie deni. Karo yenyewe angalau waijua. Kinachoua ni nauli, chakula na fotokopi.

Vya kununua

Cha kwanza ni saa. Si ya mkononi, kwa sababu wadini mikono hubaki mitupu mpaka kwenye kiwiko, pete na bangili zibaki nyumbani. Nunua ile saa ya kuning'inia kifuani, yenye mshale wa sekunde unaoonekana vizuri. Mshale wa sekunde usiusahau. Nitakwambia kwa nini.

Viatu nenda Kongowea siku gunia linapofunguliwa, mapema. Chagua vya kufunika mguu mzima, soli ya mpira isiyoteleza, na visiwe na matundu juu. Wasichana hupenda vile vya kitambaa kwa sababu ni vyepesi. Siku chupa ya mama itakapovunjika leba, chumba cha kuzalishia, na maji yote yakaingia kwenye kidole gumba, utakumbuka nilisema.

Stethoskopu nunua ya kawaida, uibandike plasta yenye jina lako. Ya bei ghali itaazimwa na daktari siku ya kwanza, na siku ya pili hutajua ni daktari yupi. Kalamu chukua tatu kwa sababu hiyo hiyo. Daftari dogo la kutosha mfuko wa sare, na mkasi. Sare mbili, si moja, kwa sababu mvua za Aprili hazikauki nguo. Kama wavaa mtandio, uwe mweupe, mfupi, uuchomeke ndani ya sare. Usining'inie juu ya kidonda cha mtu ukiinama.

Kisha kuna kitu kisichouzwa dukani: chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni sindano tatu. Ya pili huja mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza. Hesabu mwenyewe: ukianza siku unayoingia wadini, umechelewa. Anza wiki hii.

Bloku

Vipindi vya darasani wenyewe twaviita bloku: wiki kadhaa za kukaa kitini, kisha wiki kadhaa wadini, kisha darasani tena. Bloku ya kwanza humtisha kila mtu. Mifupa, misuli, mishipa, na yote kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kilatini. Mimi nilijifunza mifupa ya mkono ndani ya feri, nikijishika mwenyewe: huu ni radius, upande wa kidole gumba, huu ni ulna. Mzee mmoja aliyekuwa na kapu la samaki akanitazama muda mrefu, mwisho akauliza, "Mwanangu, waumwa?" Nikamwambia nasoma. Akanyoosha mkono wake, akasema nisomee na huu, una mifupa mikubwa.

Usisome peke yako. Tafuta wawili au watatu, na mmoja wao awe anayekushinda. Kinachosomwa kwa mdomo hukaa. Kinachopigwa rangi ya njano kwenye kitabu hukaa kitabuni.

Hesabu za dawa ndizo huwaangusha watu, na si ngumu. Daktari ameandika dripu ya mililita 500 iingie kwa saa 4. Mrija ulio nao watoa matone 20 kwa mililita. 500 mara 20 ni matone 10,000. Saa 4 ni dakika 240. Gawanya: 41 na ushei, tuseme matone 42 kwa dakika. Sasa simama mbele ya dripu na ile saa yako, hesabu sekunde 15, uone matone kumi au kumi na moja. Kama ni ishirini, kaza kidogo. Au mtoto ameandikiwa jentamaisini miligramu 30, na ampuli ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. 30 gawanya kwa 80, mara 2: mililita 0.75. Fanya hesabu kama hizi tano kila usiku kabla ya kulala mpaka uzione usingizini. Na ukipata jibu linalotaka ufungue ampuli sita kwa mtoto mmoja, umekosea. Weka chini, mwite mtu.

Wadini

Ripoti ya asubuhi husomwa saa moja u nusu. Kama wakaa Likoni, toka nyumbani saa kumi na moja, kwa sababu feri haina bwana. Wenye miguu hatulipi, lakini twalipa kwa kusukumwa. Siku moja ikisimama katikati ya kivuko, hakuna sista atakayekubali hadithi hiyo mara ya pili. Fika mapema, ukae karibu na anayesoma ripoti, uandike: kitanda, jina, kinachomsumbua, alivyolala, kilichobaki kufanywa.

Sasa nije kwenye ile saa.

Mwezi wangu wa pili wadini, hospitali siitaji, nilipewa vitanda kumi na viwili nipime joto, mapigo, pumzi na presha. Nikaanza vizuri. Kufika kitanda cha tano nikatazama chati ya usiku. Pumzi: 20. Ya jioni: 20. Ya asubuhi ya jana: 20. Wadi nzima yapumua mara ishirini kama jeshi. Nami nikaandika 20. Kitanda cha sita, 20. Nilipima joto kweli, presha kweli, lakini pumzi niliona ni kupoteza dakika.

Mkuu wa wadi alikuwa mama mfupi, mtu wa Lamu, hakupandisha sauti hata siku moja. Alichukua chati ya kitanda cha nane, akaitazama, akanitazama. "Huyu baba umemhesabu?" Nikasema ndiyo. Akanishika kiwiko, tukaenda. "Haya, tuhesabu pamoja." Akamshika mzee kifundo cha mkono kama anayepima mapigo, huku macho yake yako kifuani. Mimi na saa yangu. Dakika nzima hatukusema. Mzee alikuwa ameketi ameegemea mito mitatu, mabega yapanda na kushuka, mabawa ya pua yafunguka na kufunga. Vyote hivyo vilikuwepo nilipopita mara ya kwanza, na sikuviona. Tulifika 34.

Hakunitukana. Alimwita daktari, mzee akawekewa oksijeni, picha ya kifua ikaonyesha nimonia upande wa kulia. Jioni sista aliniita kwenye meza yake, akanipa ile chati na kalamu. "Hizi ishirini zako zote, pita uzihesabu upya. Na usiku wakikuuliza mbona umechelewa kutoka, waambie wahesabu nao." Nilivuka feri saa tatu usiku.

Kwa hivyo namna ya kuhesabu ni hii. Mshike mgonjwa kifundo cha mkono, hesabu mapigo. Ukimaliza usimwachie. Endelea kumshika kama bado wahesabu mapigo, lakini sasa tazama kifua au tumbo. Mtu akijua wamhesabu pumzi, hubadilisha. Kupanda na kushuka ni moja. Dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 12 na 20. Ukipata nyingine, hesabu tena, kisha sema kwa mdomo kwa mtu mwenye cheo, usiandike tu na kuondoka. Karatasi haimwiti daktari.

Na jambo usilolifanya, usiliandike. Acha nafasi wazi, useme sikupata. Utagombezwa, na utagombezwa kidogo tu. Hivyo hivyo kwa lile buku la kutiwa saini, ambamo kila kazi yahitaji jina la aliyekusimamia: kusafisha kidonda, kuweka katheta, ule mrija wa mkojo, kuzalisha. Mwisho wa mwaka utawaona wenzako wakizunguka na kalamu ya rangi tofauti, wakitafuta mtu mwepesi wa kutia saini kazi ambazo hawakufanya. Mimi pia niliitafuta saini moja hivyo, ya kulisha mgonjwa kwa mrija wa puani. Nikaipata. Kisha mwaka wa tatu nikapewa kazi hiyo hiyo mbele ya mtahini. Sitaeleza yaliyotokea, ila niliirudia asesimenti hiyo baada ya wiki mbili, na katika wiki hizo nilijifunza kwa aibu kazi ambayo ningejifunza kwa nusu saa.

Sindano ikikuchoma, na yaweza kukuchoma, usiminye kidole, usifiche. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha nenda kwa mkuu wa zamu hapo hapo. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita yakupunguzia bahati. Humezwa siku 28. Mwenzetu mmoja alinyamaza siku mbili kwa kuogopa kuitwa mzembe. Alipona salama, lakini kwa zile siku mbili hakula. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko. Iende moja kwa moja kisandukuni, na kisanduku kikifika robo tatu kifungwe, usikishindilie.

Hodi kabla ya pazia

Watakufundisha mawasiliano na mgonjwa kwa Kiingereza, kisha utakutana na mama wa Kisauni. Hapa ndipo wengi, hasa wanaotoka bara, hupotea, na hakuna kitabu kinachowaambia.

Chukua neno homa. Kwa mtu wa pwani homa ni mwili kuchemka. Yale ya kutoka kamasi na kupiga chafya ni mafua. Kwa wengi wa bara, homa ndiyo hayo mafua. Mwenzangu mmoja, msichana mwema, mchapakazi, aliandikia mtoto wa miaka miwili kwamba ana mafua ya siku tatu, kwa sababu mama alisema "ana homa siku ya tatu leo". Mtoto alikuwa na joto la 39.4. Alipopimwa damu, ni malaria. Tangu siku hiyo nikimuuliza mtu nauliza kwa mwili: "Yuwachemka? Watoka jasho usiku? Kamasi zatoka?" Kichwa kwa Mgiriama utasikia kitswa, kwa Mdigo chitswa. Ukimwona bibi amejishika kichwa akisema kitswa, huna haja ya mkalimani, una haja ya macho.

Salamu usiziruke. Mtu mzima mwamkie shikamoo kabla ya kumwambia afungue mdomo. Mwite mama, baba, bibi, babu, na usimwite kitanda cha nane, hata kama kwenye ripoti ndivyo asomwavyo. Wewe ukiwa mwanamke utaitwa sista, hata ukija kuwa daktari bingwa. Ndugu zetu wanaume wa uuguzi huitwa daktari siku ya kwanza, na wengine hawakanushi. Kanusha.

Stara ni sehemu ya tiba hapa. Piga hodi kabla ya kuvuta pazia, hata kama pazia lenyewe lina matundu. Mwambie unachotaka kufanya, mfunike sehemu usiyoihitaji, kisha ndipo umguse. Mwanafunzi mwanamume akiambiwa na mama wa Kiislamu kwamba ataka mwanamke, asione ametukanwa. Amwite mwenzake, yeye ashike kazi nyingine. Nimewaona mama waliokaa na kibofu kilichojaa saa nne kwa sababu hakuna aliyewauliza polepole.

Ramadhani ikifika, muulize kila mgonjwa wa sukari anayekuja kliniki: "Wafunga?" Usimuulize kwa sauti ya polisi, maana atakwambia hapana na huku amefunga. Mtu akidungwa insulini yake ya asubuhi kama kawaida, kisha asile mpaka magharibi, sukari yaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu. Wewe mwanafunzi usimbadilishie dawa wala usimtolee fatwa. Kazi yako ni kujua, kumfikishia daktari kabla dawa haijaandikwa, na kumfundisha dalili: kutetemeka, jasho baridi, macho kuingia kiza. Mwambie avunje saumu hapo hapo akiziona. Wengi hukubali zaidi wakisikia na imamu wao anasema vivyo hivyo, na maimamu wengi husema.

Leba

Leba utaipenda au utaichukia, katikati hakuna. Mimi niliiogopa mpaka siku mkunga mmoja mtu mzima aliponiwekea mkono wangu juu ya tumbo la mama, akaniambia nisiutoe kwa dakika kumi. "Usinitazame mimi. Sikia." Mara ya kwanza wahisi ngozi tu. Kisha tumbo lajikusanya polepole kama ngumi, laganda, lalegea. Hapo ndipo niliacha kuuliza mama "wahisi uchungu?" kana kwamba ni swali.

Jifunze partografu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, mpaka uichore bila kutazama. Uchungu uhesabiwe katika dakika kumi, kila nusu saa. Mapigo ya mtoto kila nusu saa, yawe kati ya 110 na 160, na uyasikilize mara tu uchungu unapoachia. Njia ya mtoto, ilivyofunguka, kupimwa kila saa nne, si kila mwanafunzi anapotaka kujifunza. Mama si kitabu cha darasa. Utakuta karatasi za zamani zinazoanza kuchora kwenye sentimita 4 na mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unaoanza kwenye 5. Fuata unaotumika wadi yako, ila uujue na mwingine.

Usiseme "sukuma" kwa sababu umesikia wengine wakisema. Njia haijafunguka sentimita 10, akisukuma atachoka na kuvimba bure. Mtoto akitoka, na umeshika tumbo kuhakikisha hakuna wa pili, oksitosini, dawa ya kukaza mji wa uzazi damu isitoke nyingi, uniti 10 msulini, ndani ya dakika moja. Kwa hiyo iwe imeshatolewa kwenye friji na imevutwa kwenye sindano kabla, si mtu aanze kukimbia kutafuta ufunguo. Damu ipimwe, isikadiriwe kwa jicho. Kanga ya mama hunywa damu nyingi kuliko udhaniavyo, na nusu lita ni ya kutosha kupiga ukelele.

Na lugha. Mama akilia, mwache alie. Utasikia maneno ya leba ambayo hata stendi ya matatu hayasemwi. Usiyachukue.

Mwili wako, mfuko wako

Ndiyo, watu huzimia. Mimi nilizimia kwenye kidonda cha mguu wa kisukari, kwa harufu, na nilikuwa sijala. Kula kabla ya zamu: mahamri mawili na mbaazi na chai hukufikisha saa saba bila kuyumba. Ukihisi masikio yavuma, rudi nyuma, keti chini sakafuni. Kuketi si aibu, kuangukia meza ya vifaa ndiko kutakusumbua. Zamu ya usiku lala mchana ule, pazia giza, simu nje ya chumba. Mamako atakuita uje umsaidie kukaanga kwa sababu "si uko nyumbani". Mweleze mapema, na umweleze tena.

Maiti yako ya kwanza itakufuata nyumbani. Yangu alikuwa kijana wa umri wangu. Nilioga mara tatu. Kabla ya kumgusa marehemu, waulize jamaa wake wanataka afanyiweje. Wengine wanataka azikwe kabla ya alasiri, na kila karatasi unayochelewesha wewe, wanaingoja wao mlangoni. Ukifika nyumbani, mtafute wa darasa lako mwelezane. Usimwelezee mtu wa nje majina ya wagonjwa. Mombasa ni kijiji kikubwa: siku tatu baadaye habari hiyo itakurudia sokoni Marikiti.

Ukimaliza

Ukipasi mitihani ya chuo, hujawa muuguzi bado. Kuna mtihani wa Baraza, kuna kusajiliwa, na kuna leseni ambayo huhuishwa, pamoja na pointi za kuendelea kusoma. Wa shahada huongeza mwaka wa mazoezi hospitalini. Weka nakala za kila cheti mahali pawili, moja iwe kwenye barua pepe yako.

Kazi haikungoji mlangoni. Kaunti huajiri kwa mikupuo, na mara nyingi kwa mikataba. Wengi wetu tulianzia kliniki na hospitali za kulipia, kwa mshahara wa kuhesabu vidole. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma miezi mitano, Juni mpaka Novemba, na waliokuwa wanafunzi wakati huo walikosa wadi za kujifunzia. Kwa hivyo kozi yako ikirefuka bila kosa lako, usishangae. Ukiwa wangoja kazi, jitolee mahali pamoja penye kazi nyingi badala ya kuzunguka na bahasha.

Ng'ambo? Kila mtu ataka ng'ambo. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wauguzi mwaka 2021, na njia ya huko hupita kwenye mtihani wa Kiingereza: ukichagua IELTS, wataka 7 kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kuandika. Marekani wataka NCLEX, mtihani wao wa leseni. Vyote vyahitaji karatasi kutoka Barazani, na vyahitaji uwe umeshika kazi wadini mikono ikazoea. Sikukatazi. Nimesindikiza marafiki wanne uwanja wa ndege wa Moi. Lakini anayekwambia atakupeleka bila mtihani, kwa malipo ya kwanza tu, ni ndugu yake yule wa shati la pasi.

Basi, dadangu, nimejibu maswali yako yote isipokuwa la stethoskopu, na hilo nimelijibu nusu. Saa usinunue. Yangu ya kifuani bado yaenda, ile ile ya vitanda kumi na viwili, nimeitia betri mpya juzi. Kioo kina mkwaruzo upande wa saa tatu lakini mshale wa sekunde uko sawa. Pitia kwa mama Likoni uichukue kabla ya Jumatatu.